Choo cheusi ni damu: hotuba kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa Bukavu

Waheshimiwa madaktari wakuu wa maeneo ya afya, ndugu wauguzi, ndugu wahudumu wa jamii mnaopanda na kushuka vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira mvua ikinyesha na jua likiwaka, mama zetu na baba zetu mliokuja kutusikiliza, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niliombwa niseme juu ya vidonda vya tumbo, nami nikaomba ruhusa ya kulibana jambo hilo libaki sehemu moja tu, ile inayoua haraka: kidonda cha duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, kinapokula ukuta wa mshipa wa damu, na yale ambayo muuguzi wa kituo anaweza kuyafanya kabla mgonjwa hajaonwa na mpasuaji. Nimekaa katika chumba cha upasuaji miaka mingi, na kila mwaka naamini zaidi kwamba wengi wa wagonjwa hawa wanaofia mikononi mwetu huwa wameshapotea kabla ya kutufikia, kwa sababu damu yao ilikuwa ikimwagika mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Nitaanza na kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mbeba mizigo katika soko la Kadutu. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, na kila jioni alinunua vidonge vya diklofenaki vya kuhesabu, viwili au vitatu, akavimeza na chai ya rangi kabla hajatia kitu kingine tumboni. Jumatatu alipata choo cheusi, chenye kunata kama lami, chenye harufu ambayo mkewe alisema hajawahi kuisikia nyumbani mwake. Yeye akasema ni sombe, majani ya muhogo, aliyokula Jumapili. Jumanne alikuwa mchovu, akalala. Jumatano alianguka kwenye ngazi akienda msalani, na mdogo wake akamleta kwa pikipiki, akiwa amebanwa kati ya dereva na ndugu huyo ili asidondoke.

Hospitali iliyompokea sitaitaja. Mimi nilikuwa daktari kijana wa zamu. Presha ilipimwa mgonjwa akiwa amelala, ikawa 110 kwa 70. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, ilirudi kutoka maabara ikiwa gramu 11 kwa desilita. Karatasi ikaandikwa kwamba hali yake ni tulivu, nami nikatia saini. Kwenye kona ya karatasi hiyo hiyo palikuwa na namba nyingine iliyoandikwa kwa penseli, mapigo 124 kwa dakika, na sikuipa uzito wake. Usiku wa manane alitapika damu ikajaza beseni, na alfajiri tukamfunika shuka. Mkewe aliniuliza swali moja tu: “Munganga, si mlisema ana damu ya kutosha?”

Mama yule alistahili jibu, na jibu lenyewe ni hili. Himoglobini haipimi wingi wa damu. Inapima ukolezi wake. Chukua birika la chai ya maziwa, umwage nusu yake: iliyobaki ina rangi ile ile na ladha ile ile, ingawa ni nusu. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayetokwa na damu. Katika saa za mwanzo anapoteza chembe nyekundu na maji ya damu kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha maabara hakibadiliki sana. Baadaye, saa baada ya saa, mwili unavuta maji kutoka kwenye tishu na kuyaingiza mishipani, na sisi tunaongeza serumu, yaani maji ya mshipani, ndipo ukolezi unashuka na maabara inatuambia jambo ambalo mkono ungeweza kutuambia tangu mlangoni. Tukumbuke pia kwamba sisi tunaishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na himoglobini ya mtu wa milima hii kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko ya mtu wa pwani. Namba inayoonekana nzuri hapa huenda si nzuri hivyo.

Sasa tuangalie mahali penyewe. Chakula kikitoka katika mfuko wa tumbo huingia duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, chenye urefu wa sentimita 25 hivi. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la kumi na mbili, kwa kuwa wazee wa tiba walikipima kwa upana wa vidole kumi na viwili vilivyopangwa pamoja. Ni katika sentimita chache za mwanzo, pale asidi inapotua ikitoka tumboni, ndipo vidonda vingi vya duodeni huchimbika. Kidonda kikiwa ukuta wa mbele, hatari yake kubwa ni kutoboka, na mgonjwa atakuja tumbo likiwa gumu kama ubao, akilia kwa maumivu. Kikiwa ukuta wa nyuma, nyuma yake hasa panapita ateri nene inayoshuka kutoka kwenye mshipa wa ini kuelekea kongosho na tumbo. Asidi ikiula ukuta wa ateri hiyo, damu inaruka kwa kila pigo la moyo, na inaruka ndani ya utumbo. Maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Wako wagonjwa wanaosimulia kwamba maumivu yao ya siku nyingi yalitulia siku ile damu ilipoanza kutoka. Ndiyo maana nawasihi msingoje mgonjwa alie.

Damu hiyo ikisafiri utumbo mzima hugeuzwa njiani na kutoka nyeusi. Kiasi kidogo, hata chini ya robo glasi ya kawaida, kinatosha kukifanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo weusi peke yake hautuambii ni damu kiasi gani imepotea. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma naye hupata choo cheusi, lakini chake hakinati wala hakina harufu ile nzito ambayo aliyeisikia mara moja haisahau. Na ikitokea choo ni chekundu, damu mbichi, huku mgonjwa akiwa na jasho baridi, msikimbilie kudhani ni bawasiri: kidonda cha duodeni kinachomwaga kwa kasi huweza kuleta damu nyekundu hadi chini, kwa sababu haikupata muda wa kugeuka rangi.

Sasa mkono. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ni kipimo kisichohitaji umeme wala mashine, na ndicho tunachokidharau. Mgonjwa akifika, mshike kifundo cha mkono kwa vidole viwili, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima ukiangalia saa. Msihesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne. Mapigo mepesi na ya haraka hudanganya katika hesabu fupi. Wakati unahesabu, sikia pia ngozi: je, ni baridi, ina unyevu? Mshipa unajaa chini ya vidole, au ni kama uzi unaokimbia? Kisha ubonyeze ukucha wake mpaka uwe mweupe, uachie, uangalie wekundu unarudi lini. Ukichelewa zaidi ya sekunde mbili, mwili umeanza kuinyima mikono damu ili kuulisha ubongo na moyo. Mapigo yanayozidi 100 kwa mtu aliyepata choo cheusi ni damu iliyopotea mpaka ithibitike vinginevyo. Presha ya juu, yaani namba ya kwanza ya kipimo, ikiwa imeshuka chini ya idadi ya mapigo, kwa mfano presha 95 na mapigo 120, mgonjwa huyo yuko ukingoni. Kijana mwenye nguvu hushikilia presha yake kwa muda mrefu kwa kubana mishipa, halafu akaanguka ghafla. Mzee anayemeza dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo naye anaweza kuwa na mapigo 80 huku akiishiwa damu. Kwa hiyo muulizeni kila mtu dawa anazomeza.

Mkishajua, lazeni mgonjwa chini, miguu iinuliwe, blanketi juu yake, asile wala asinywe. Hapa naomba wahudumu wa jamii wanisikilize sana, kwa kuwa majumbani bado tunakuta mgonjwa amenyweshwa maziwa ili “yafunike kidonda”, au majivu yaliyokorogwa katika maji. Tumbo lililojaa ni hatari ya kupaliwa mgonjwa akitapika au akitiwa dawa ya usingizi, na maziwa hayazibi mshipa. Anayetapika alazwe ubavu. Oksijeni apewe ikiwepo.

Kisha njia mbili za mshipa, moja kila mkono, kwa kanula nene, ule mrija mdogo unaoachwa ndani ya mshipa. Najua kwamba ile ya waridi, namba 20, ndiyo mnayoizoea na ndiyo inayoingia kwa urahisi. Lakini kanula ya kijivu, namba 16, hupitisha maji karibu mara tatu zaidi kwa dakika, na mgonjwa anayemwaga damu kwa ateri hawezi kusaidiwa kwa njia nyembamba. Itieni mapema, kabla mishipa haijasinyaa, maana saa moja baadaye mtaitafuta na hamtaiona. Mkichoma, kabla ya kufungua serumu, vuteni damu ya kupima kundi na ya kulinganisha, mwandike jina la mgonjwa kwenye chupa pale pale kitandani.

Serumu yenyewe ipimwe kwa akili. Maji ya chumvi au Ringer, mililita 500 zikiingia haraka, kisha mkono urudi kwenye mshipa: mapigo yameshuka? Mgonjwa anajibu akiitwa? Mkojo unatoka? Kama bado, nyingine. Lengo ni kumshikilia mtu awe na fahamu na presha ya juu inayokaribia 100. Kumjaza maji mpaka presha iwe ya mtu asiyeumwa kabisa ni kuizimua damu iliyobaki, kuipoza, na kulisukuma bonge la damu ambalo pengine limeanza kuziba tundu. Maji hayabebi oksijeni. Maji yananunua muda, na muda huo ni wa kutafuta damu.

Juu ya damu, kuna jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Mwaka 2013 kikundi cha madaktari wa Barcelona kilichapisha utafiti wa wagonjwa 921 waliokuwa wakitokwa na damu tumboni: nusu waliongezewa damu pale tu himoglobini iliposhuka chini ya 7, nusu iliposhuka chini ya 9. Baada ya wiki sita, walio hai katika kundi la 7 walikuwa asilimia 95, na katika kundi la 9 asilimia 91. Kwetu sisi, ambako kila pakiti inatafutwa kwa jasho la ndugu, hii ni habari njema: mgonjwa aliyetulia mwenye 8 anaweza kusubiri, isipokuwa ana ugonjwa wa moyo. Lakini wagonjwa waliokuwa wakimwaga damu kwa wingi wa kutisha hawakuingizwa katika utafiti huo. Mgonjwa wa namna ile, mwenye mapigo 130 na midomo myeupe, haulizwi himoglobini yake. Anapewa damu, na kama kundi lake halijajulikana anapewa O. Kwa hiyo msiwaache ndugu wote wabaki wakilia kando ya kitanda. Wawili waende mbele hospitalini kutoa damu, kwa sababu kuipima dhidi ya virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kunachukua muda, na muda huo unaweza kupita sambamba na safari ya mgonjwa badala ya kuanza akishafika. Kwa mgonjwa wa Idjwi anayengoja mashua, au wa Walungu anayeteremka kwa barabara ya matope, jambo hili moja linaweza kuwa ndilo lote.

Dawa ya kwanza ni ya kuzima asidi. Damu haigandi vizuri mahali penye asidi, na hata bonge likishaganda, asidi na kimeng'enya cha tumboni hulimeng'enya kama nyama. Omeprazoli hufunga pampu za asidi. Mwaka 2000 James Lau na wenzake wa Hong Kong walionyesha kwamba wagonjwa walioshazibwa mshipa kwa fibroskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaoshushwa kwa mdomo, wakipewa omeprazoli ya mshipani, miligramu 80 mara moja na kisha miligramu 8 kila saa kwa saa 72, waliotokwa na damu tena ndani ya siku 30 walikuwa 8 kati ya 120. Kwa wale wasiopewa, 27 kati ya 120. Kituoni mnaweza kuanza na miligramu 80 za mshipani kabla ya kumpeleka mgonjwa. Isitokee hata siku moja gari likasubiri kwa sababu omeprazoli haijapatikana.

Sindano nyingine tunazopenda kuchoma zinahitaji maneno ya wazi. Vitamini K haimsaidii mtu ambaye ini lake ni zima na ambaye hamezi dawa za kuzuia damu kuganda. Asidi ya traneksamiki, dawa inayolinda bonge la damu lisivunjike, inaokoa maisha ya mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, na ya majeruhi, ikitolewa mapema. Tukafikiri itafaa na tumboni. Ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 15, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: vifo havikupungua, na waliopata degedege, na mabonge ya damu kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, waliongezeka. Tuiache kwa wanaoihitaji. Na kuosha tumbo kwa maji ya barafu, ambako baadhi yenu mlifundishwa shuleni, hakuzuii damu. Kunampoza tu mgonjwa ambaye tayari ni baridi.

Hospitalini, tiba ya kwanza ni fibroskopi, ifanywe ndani ya saa 24 mgonjwa akishaimarishwa. Kukimbilia ndani ya saa sita hakukuongeza uhai pale kulipopimwa. Kumtia mpira mtu ambaye mapigo yake hayajatulia ni kumwongezea hatari. Daktari anayeangalia hutumia mpangilio ulioanzishwa na Forrest na wenzake huko Edinburgh mwaka 1974: damu inayoruka, inayovuja, mshipa uliochomoza bila kutoa damu, bonge lililoshikamana, doa, au kidonda kisafi. Mshipa unaoruka huchomwa adrenalini iliyozimuliwa kuuzunguka, kisha hubanwa kwa klipu ndogo ya chuma au kuunguzwa kwa joto. Adrenalini peke yake haitoshi, kwa kuwa nguvu yake ikiisha mshipa hufunguka. Damu ikirudi, mara nyingi ndani ya siku tatu za kwanza, hujaribiwa tena mara moja kabla ya kisu.

Na pale fibroskopi haipo, au imeshindwa, tunafungua. Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kazi hiyo ni yetu: duodeni hupasuliwa mbele, kidole hubonyeza kidonda nyuma mpaka damu isimame, kisha ateri hushonwa juu ya kidonda, chini yake, na upande wa ndani ambako tawi linatokea kwenye kongosho, ukisahau ule wa tatu, damu inarudi usiku. Mrija wa nyongo uko jirani na unalindwa kila uzi unapopita. Ninachotaka mkichukue hapa ni hiki tu: upasuaji huu ni wa nusu saa kwa mgonjwa aliyefika na damu mwilini, na ni wa kukata tamaa kwa yule aliyefika mtupu.

Labda mtauliza, kwa nini haraka yote, ikiwa wengi hupona? Ni kweli, takriban wanne katika watano hukauka damu wenyewe. Ukweli huo umetudanganya sana, kwa sababu kila mmoja wetu amewaona wale wanne wakitembea kwenda nyumbani, na hakuna aliyeandikwa usoni kwamba yeye ndiye wa tano.

Anayepona hajamaliza. Chanzo cha kidonda cha duodeni mara nyingi ni bakteria, Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Robin Warren na Barry Marshall huko Perth, Australia. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa mwenyewe ili athibitishe wanachofanya, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla yao tuliwaambia wagonjwa kwamba ni mawazo na pilipili, na wengi wakafa na lawama hiyo. Mgonjwa apimwe, na kipimo kikitoka safi siku ya damu kirudiwe baadaye, kwa sababu damu hukipotosha. Akiwa nao, apewe dawa zote na azimalize, hata akijisikia mzima siku ya nne.

Chanzo cha pili kiko kwenye vijaluba vyetu. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na hufanya hivyo hata zikipigwa sindano, kwa hiyo kumhamisha mtu kutoka kidonge kwenda sindano hakumlindi. Ndugu zetu wa farmasi, najua kwamba mbeba mizigo anayekuja jioni na franki chache hana siku ya kupumzisha mgongo. Mpeni parasetamoli. Mwulizeni choo chake kina rangi gani, hatakasirika. Yule aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila daktari wake kujua.

Karatasi ya kumhamisha mgonjwa iwe na saa aliyofika, mapigo na presha mara mbili kwa nyakati mbili, serumu iliyoingia, dawa anazomeza nyumbani, na kama ana ugonjwa wa ini, kwa sababu damu ya mtu wa ini huenda inatoka kwenye vena za umio na tiba yake ni nyingine. Mapigo yaandikwe kwa kalamu ya wino, juu kabisa, kwa tarakimu kubwa.

Nimeleta kanula za kijivu na mikono miwili ya mpira ya kujifunzia, iko mezani pale karibu na dirisha. Saa ya ukutani ina mshale wa sekunde. Naomba tukae wawili wawili, kila mmoja amshike mwenzake kifundo cha mkono, tuhesabu dakika nzima, tukimaliza tutachoma.